Kupima nyongeza za uwezo kwenye Dungeons & Dragons: tatizo liko kwenye mrundikano

Dungeons & Dragons ni mchezo wa mezani ambamo kila mchezaji ana mhusika wake, na mwendeshaji mmoja anasimulia hadithi na kuwachezesha maadui. Ukimkabidhi mpiganaji wa levo ya 3 upanga wa +3 (unaomwongezea 3 kwenye shambulio na kwenye uharibifu), siku hiyo hakuna atakayelalamika. Meza nzima itafurahi. Manung'uniko yanaanza kikao cha nne au cha tano, tena hayautaji upanga. Mmoja anaanza kuchelewa kufika, mwingine anachezea simu mpaka aitwe zamu yake, na mwenye manju anasema mhusika wake hana kazi. Kabla hujatafuta ubaya kwa watu, chukua kalamu upige hesabu ya nyongeza zilizopo mezani. Mara nyingi jibu liko hapo.

Tunaongelea toleo la tano, lililotoka 2014 na kufanyiwa marekebisho 2024. Humo kila jambo lenye mashaka linapita kwenye dadu ya pande 20: unarusha, unajumlisha nyongeza za mhusika, unalinganisha na kizingiti. Kila upande wa dadu ni asilimia 5, kwa hiyo +1 ni asilimia 5. Hilo kila mtu analijua. Kisichojulikana sana ni ufinyu wa nafasi ambamo hesabu yote ya mchezo inafanyika. Mpiganaji wa levo ya 1 mwenye Nguvu 16 anashambulia kwa +5: tatu za Nguvu, mbili za ujuzi. Akifika levo ya 20, Nguvu zake zimegonga ukomo wa 20 na ujuzi wake umefika +6, anashambulia kwa +11. Safari ya levo 19 imemwongezea sita tu. Sasa rudi kwenye ule upanga wa +3. Umempa nusu ya maendeleo ya maisha yake yote, jioni moja, akiwa levo ya 3.

Hapo ndipo ushauri wa matoleo ya zamani unapowapotosha watu. Kwenye toleo la 3.5 la mwaka 2003, uwezo wa msingi wa kushambulia wa mpiganaji ulipanda kutoka +1 hadi +20 peke yake, kabla ya Nguvu na silaha. Pale +3 ilikuwa kitu kidogo. Ukibeba desturi ya kugawa vifaa kutoka huko ukaileta kwenye toleo la tano, utalivunja ndani ya miezi miwili.

Twende kwenye kosa la kwanza la hesabu, lile la kudhani asilimia 5 ina thamani moja popote ilipo. Chukua mpiganaji wa levo ya 5 mwenye uhai 44. Mbele yake amesimama zimwi, lile la kawaida la vitabuni, linaloshambulia kwa +6 na kuumiza kwa wastani wa 13. Kinga ya mpiganaji, yaani kizingiti cha kumpata, ikiwa 16, zimwi linahitaji 10 au zaidi kwenye dadu, yaani asilimia 55. Kila shambulio linamgharimu wastani wa uhai 7.15, kwa hiyo atahimili mashambulio kama sita na kidogo. Mwongezee +1 ya kinga: zimwi linapata asilimia 50, hasara inashuka hadi 6.5, naye anahimili mashambulio 6.8. Amepata nusu ya shambulio, basi.

Mchukue mpiganaji huyohuyo akiwa na deraya kamili ya chuma (18), ngao (+2), mtindo wa kujihami (+1) na Ngao ya Imani kutoka kwa kuhani (+2). Kinga yake ni 23. Zimwi sasa linahitaji 17, asilimia 20, hasara ni 2.6 kwa shambulio, na mpiganaji anahimili karibu mashambulio 17. Mwongezee +1 ileile. Zimwi linahitaji 18, hasara inakuwa 1.95, na mpiganaji anahimili zaidi ya mashambulio 22. Nyongeza ile iliyokuwa nusu ya shambulio imekuwa mashambulio karibu sita. Kwa sababu hiyo kifaa cha kinga kisipewe mtu ambaye tayari hapigiki. Mpe mchawi mwenye kinga 12: kwake kitaongeza uhai kwa kiasi kinachoeleweka, na mazimwi yako yatabaki na kazi ya kufanya.

Kuhusu alama zenyewe za uwezo (Nguvu, Wepesi, Uhimili, Akili, Hekima, Haiba) kumbuka kwamba mchezo unatumia tofauti ya alama na 10, ikigawanywa kwa mbili, na sehemu inayobaki inatupwa. Alama 16 ni +3, na 17 ni +3 vilevile. Ukimzawadia mtu +1 ya Nguvu akiwa na 16, amepata uwezo wa kubeba ratili 15 zaidi na kuruka mbali kidogo, mengineyo yamebaki palepale. Ukimzawadia mwenzake aliyekuwa na 15, huyo amepanda ngazi nzima. Zawadi moja, matokeo mawili, na watu wanahisi upendeleo hata kama hawajui umetokea wapi. Angalia kwanza nani ana alama za witiri kwenye karatasi yake ndipo ugawe.

Kupanda kwa ngazi moja ya Nguvu kuna thamani gani hasa? Mpiganaji wetu wa +5 akimshambulia adui mwenye kinga 13 anahitaji 8, yaani asilimia 65. Upanga mkubwa wa mikono miwili unaumiza kwa dadu mbili za pande 6 pamoja na Nguvu, wastani wa 10. Kwa hiyo kila pigo lina thamani ya 6.5. Nguvu zikipanda hadi 18 anapata asilimia 70 na uharibifu wa 11, thamani 7.7. Sasa weka pembeni yake uchawi wa Baraka, wa nafasi ya kwanza (daraja la chini la uchawi unaotumika mara chache kwa siku), unaoongeza dadu ya pande 4 kwenye shambulio. Wastani wa dadu hiyo ni 2.5, sawa na asilimia 12.5. Thamani inatoka 6.5 hadi 7.75. Yaani uchawi mdogo kabisa wa kuhani unafanya kazi ya ongezeko ambalo mpiganaji kwa kawaida hulisubiri mpaka levo ya 4, tena unawafanyia watu watatu kwa pamoja na unawasaidia hata kwenye majaribio ya kujinusuru, yaani dadu za kuepuka madhara. Anayeidharau Baraka kwa sababu dadu yake ni ndogo hajapiga hesabu hii.

Na bado Baraka haivunji mchezo. Sababu ni umakini. Kuhani anaweza kushikilia uchawi mmoja tu wa umakini kwa wakati, na akipigwa lazima arushe dadu ya Uhimili kwa kizingiti cha 10, au nusu ya uharibifu ikiwa nusu hiyo ni kubwa zaidi. Mwenye Uhimili 14 anahitaji 8: asilimia 65 ya kubaki nao. Akipigwa mara mbili imebaki asilimia 42. Mwendeshaji anayesahau kudai jaribio hili amefuta bei ya Baraka, na kila uchawi wa umakini kwenye meza yake unakuwa wa bure. Hili nimeliona kuwa chanzo kikubwa cha meza kuelemewa kuliko kifaa chochote cha ajabu. Tena Ngao ya Imani niliyoitaja juu inadai umakini pia, kwa hiyo kuhani mmoja hawezi kutoa hiyo na Baraka kwa pamoja. Ukiona mtu anazo zote mbili kutoka kwa kuhani yuleyule, simamisha mchezo urekebishe.

Njia rahisi ya kufuatilia ni vifuniko vya soda. Baraka hudumu dakika moja, ambayo ni raundi 10. Anayeitumia anajiwekea vifuniko 10 mbele yake, na kila zamu yake ikianza anaondoa kimoja. Kila aliyebarikiwa anawekewa dadu ya pande 4 juu ya karatasi yake, pale macho yanapoangukia anapotaka kurusha. Umakini ukivunjika, vifuniko vinafagiliwa na dadu zinakusanywa papo hapo. Bila kitu cha kushika mkononi watu husahau nyongeza nusu ya wakati, kisha wanadai kurudisha zamu nyuma, na ugomvi unaanzia hapo.

Nyongeza nyingine inayohitaji uangalifu ni ile ya kurusha dadu mbili na kuchukua iliyo kubwa. Watu huiita +5. Ni +5 katikati ya dadu tu. Ukihitaji 11, nafasi yako inatoka asilimia 50 hadi 75. Ukihitaji 8, inatoka 65 hadi 87.75. Lakini ukihitaji 20, inatoka 5 hadi 9.75, haifiki hata +1, na ukihitaji 2 inatoka 95 hadi 99.75. Maana yake dadu mbili hazimwokoi aliyezidiwa kabisa, na hazimsaidii sana aliye hodari kupita kiasi. Zinamfaa aliye katikati. Kingine kizuri ni kwamba hazirundikani: ukiwa na sababu tatu za kurusha dadu mbili, bado ni dadu mbili. Ndiyo maana ukitaka kumpa mchezaji zawadi ya papo kwa papo kwa wazo zuri, hii ni salama kuliko +2 au +3 ya kubuni.

Kwa wanaocheza bila dadu halisi, na ni wengi kwa sababu dadu za pande 20 hazipatikani duka la jirani, vikaratasi 20 vyenye namba ndani ya kopo vinatosha kabisa. Sharti ni kimoja kikitoka kirudishwe na kopo litikiswe kabla ya kuchomoa kingine. Ukichomoa viwili kwa mkupuo kuwakilisha dadu mbili, hesabu inabadilika: mwenye kuhitaji 11 anapata asilimia 76.3 badala ya 75. Tofauti ni ndogo, ila kubaya zaidi ni kuacha vikaratasi nje raundi nzima, maana 20 ikishatoka, walio nyuma hawana tena nafasi ya kuipata.

Sasa mrundikano wenyewe. Kwenye kanuni za 2014 kuna vipaji viwili, cha silaha nzito na cha mlenga shabaha, vinavyokuruhusu kujipunguzia 5 kwenye shambulio ili uongeze 10 kwenye uharibifu. Kwa mpiganaji wetu dhidi ya kinga 13, nafasi inashuka hadi asilimia 40 na uharibifu unapanda hadi 20: thamani 8 badala ya 6.5. Si mbaya, ila haitishi. Mpe Baraka, nafasi inakuwa asilimia 52.5 na thamani 10.5. Mpe dadu mbili bila Baraka, nafasi ni asilimia 64, thamani 12.8. Mpe vyote viwili, thamani inapita 15. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilicho kikubwa kikiwa peke yake. Lakini kipaji kinauza usahihi ili kununua uharibifu, na marafiki wanamrudishia usahihi ule bure, kwa hiyo punguzo la 5 lililokusudiwa kuwa bei halilipwi na mtu. Marekebisho ya 2024 yaliliondoa punguzo hilo na ile 10 yake kwenye vipaji vyote viwili, na nadhani yalifanya sawa. Ukiwa bado unatumia kanuni za 2014, usipige marufuku kipaji. Angalia badala yake ni mara ngapi kundi linapata dadu mbili kwa urahisi mno.

Somo la jumla linalotoka hapa ni kwamba nyongeza mbili zinazogusa kitu kimoja hujumlishwa, ila nyongeza mbili zinazogusa vitu viwili vya hesabu moja, usahihi na uharibifu, au uharibifu na idadi ya mapigo, huzidishwa. Hizo za kuzidishwa ndizo za kuchunga. Mtawa wa levo ya 5 anaweza kupiga mara nne kwa raundi. Mpe +2 ya uharibifu kwa kila pigo, umempa hadi 8. Mwizi anapiga mara moja kwa nguvu, naye kwa +2 hiyohiyo amepata 2. Kwa maneno hayo matatu, "+2 ya uharibifu", umewapa watu wawili vitu viwili tofauti.

Kuna uchawi mmoja unaostahili kutajwa peke yake, ule wa kupita bila kuacha alama. Ni wa nafasi ya pili, unadai umakini, na unawapa wote anaowachagua mtumiaji ndani ya futi 30 nyongeza ya +10 ya kunyemelea kwa muda wa hadi saa moja. Hiyo ni asilimia 50. Kundi la watu watano wenye nyongeza sifuri, wakikabili kizingiti cha 12, kila mmoja ana asilimia 45, na nafasi ya wote kupita ni chini ya asilimia 2. Ukitumika uchawi huo, kila mmoja ana asilimia 95 na wote kupita ni asilimia 77. Waendeshaji wengi hukasirika na kuupunguza. Mimi ningeuacha. Kunyemelea kwa kundi zima ni kitu kinachokufa kabisa pale kila mmoja anapotakiwa kufaulu, kwa sababu anayekosea ni mmoja na wanaokamatwa ni wote. Namba ni kubwa kwa sababu shimo lilikuwa refu. Tena haiumizi mtu, haimfanyi mmoja ang'ae kuliko mwenzake. Ukubwa wa namba si kigezo peke yake.

Vifaa navyo viko vya aina mbili: vinavyoongeza na vinavyoweka. Glavu za Nguvu za Zimwi zinaweka Nguvu kuwa 19, bila kujali ulikuwa na ngapi chini ya hapo. Mpiganaji wa 16 akizivaa anapata ngazi moja. Kuhani wa 8 akizivaa anatoka -1 hadi +4, ngazi tano, asilimia 25. Hirizi ya Afya inafanya hivyohivyo kwa Uhimili. Mtego hauko kwenye ngazi hizo tano. Uko kwa mchezaji anayejua kwamba glavu zinakuja, kwa sababu atajenga mhusika wake na Nguvu 8 makusudi, apeleke pointi zake 27 za kujengea mhusika kwenye uwezo mwingine, kisha avae glavu na kuwa na kila kitu. Na mwenzake aliyetumia ongezeko lake la levo ya 4 kufikisha Nguvu 18 anajiona mjinga. Glavu hizi ziingie mchezoni wahusika wakiwa wameshajengwa, ziwe kitu cha kushtukiza, na zifae zaidi kwa asiyekuwa na njia nyingine ya kupata Nguvu. Mikanda ya Nguvu za Majitu, inayoweka kuanzia 21 hadi 29, inavuka ukomo wa 20 uliowekwa na mchezo. Ile ya 29 ni +9 kwa mkupuo. Haiingii kabla ya levo za juu kabisa, na mwendeshaji anayeitoa mapema hataweza kuirudisha bila uchungu.

Kinachotuokoa hapo ni kifungamano. Vifaa vikubwa vinadai mhusika afungamane navyo, na mtu ana nafasi tatu tu. Ukibuni kifaa chako chenye nyongeza ya kudumu, kidai kifungamano bila kujadiliana. Nafasi hizo tatu ndizo zinazolinda karatasi ya mhusika isigeuke ghala.

Muda wa nyongeza una uzito kuliko wengi wanavyofikiri, na historia ya uchawi mmoja inaonyesha vizuri. Mwaka 2000, kwenye toleo la tatu, uchawi wa Nguvu za Fahali ulimwongezea mtu alama 2 hadi 5 za Nguvu kwa saa moja kwa kila levo ya anayeutumia. Mchawi wa levo ya 8 aliutumia asubuhi na ukadumu siku nzima ya kazi. Hapakuwa na uamuzi wowote wa kufanya: kila asubuhi wachawi waliamka na kugawa nyongeza kama chai, na mwendeshaji akalazimika kuhesabu kila adui kana kwamba wapiganaji wote wana nyongeza hizo. Toleo la 3.5 la 2003 likafanya nyongeza iwe 4 bila kurusha dadu, ila muda ukawa dakika moja kwa levo. Namba ilipanda kwa wastani, uchawi ukashuka thamani, na ukawa kitu cha kuamua: niutumie sasa au nisubiri mlango unaofuata? Ukibuni nyongeza yako na ukaona ni kubwa mno, gusa muda kwanza kabla ya kugusa namba. Mchezaji hupenda namba kubwa kwa muda mfupi kuliko namba ndogo ya kudumu, na kwa hesabu yako ni nafuu.

Toleo hilohilo la 3.5 liliacha kanuni ya bei ninayoitumia mpaka leo hata kwenye toleo la tano: kifaa cha kuongeza alama za uwezo kiligharimu mraba wa nyongeza mara 1,000. Cha +2 ni vipande 4,000 vya dhahabu, cha +4 ni 16,000, cha +6 ni 36,000. Thamani halisi ya nyongeza haipandi kwa mstari ulionyooka, na bei ya mraba inalikubali hilo. Kama una duka la uchawi kwenye mji wako wa kubuni na unauza +3 kwa bei mara tatu ya +1, wachezaji watadunduliza na kununua +3 pekee.

Tahadhari kubwa iwe kwa Uhimili wa muda. Uhimili unaongeza uhai kwa kila levo, na ukiondoka unaondoka nao. Kwenye 3.5, mpiganaji wa hasira wa levo ya 10 alipata +4 ya Uhimili akipandisha ghadhabu, yaani uhai 20 zaidi. Alikuwa akisimama na uhai 5, anapigana vizuri, ghadhabu inaisha, anaanguka hadi -15 na kufa papo hapo, kwa sababu -10 ilikuwa kifo. Alikufa baada ya vita kwisha, adui wote wakiwa chini. Kwa hiyo usibuni dawa inayoongeza Uhimili kwa muda. Toa uhai wa muda, ule unaoliwa kwanza na haurudishwi, au mpe dadu mbili kwenye majaribio ya Uhimili.

Ukitaka mfano wa nyongeza iliyobeba bei yake ndani, tazama uchawi wa Kasi. Anayetumiwa anapata +2 ya kinga, mwendo mara mbili na tendo moja la ziada kila zamu. Ukiisha, anapoteza zamu nzima amesimama. Mshale mmoja wa adui ukimvunjia mchawi umakini, mpiganaji wenu bora amekuwa gogo katikati ya uwanja. Kundi linajifunza kumlinda mchawi, maadui wanajifunza kumtafuta, na vita vinapata sura. Mori wa manju, dadu ya nyongeza ambayo manju humpa mwenzake, nao umepimwa vizuri: dadu moja, mrusho mmoja, ikitumika imekwisha, na inakua polepole kutoka pande 6 hadi 8 levo ya 5, 10 levo ya 10, na 12 levo ya 15.

Wacha nipime kifaa kimoja cha kubuni mbele yako. Hirizi ya Simba: +2 ya shambulio na +2 ya uharibifu, ya kudumu, kwa mpiganaji wa levo ya 3. Kwanza, iguse ile hesabu ya msingi: kutoka asilimia 65 hadi 75, kutoka uharibifu 10 hadi 12, thamani kutoka 6.5 hadi 9. Hilo ni ongezeko la asilimia 38. Pili, ilinganishe na kitu kilichopo: Baraka ilitoa asilimia 19, ikadai nafasi ya uchawi, umakini na dakika moja. Hirizi inatoa mara mbili, bure, daima. Tatu, irundike: weka Baraka juu yake, asilimia 87.5 mara 12 ni 10.5. Nne, sogeza mbele hadi levo ya 5 anapoanza kupiga mara mbili, uone faida ikijirudia. Hapo hirizi imeshafeli. Irekebishe hivi: inadai kifungamano, ina punje tatu kwa siku, na punje moja inamruhusu mwenye nayo kuongeza dadu ya pande 4 kwenye shambulio baada ya kuiona dadu yake lakini kabla mwendeshaji hajasema kama limepata. Uharibifu usiguswe. Mchezaji atakuwa na uamuzi mara tatu kwa siku, na atakumbuka kila mara alipoutumia.

Kwa wale wanaocheza toleo la pili la Pathfinder, la 2019, mchezo mwingine wa aina hii, usilete namba hizi kama zilivyo. Pale ukivuka kizingiti kwa 10 pigo linakuwa la maradufu, kwa hiyo +1 inaongeza nafasi ya kupata na nafasi ya kupata maradufu kwa pamoja. Mwenye kuhitaji 10 ana thamani ya 0.60 ya pigo. Kwa +1 anapata 0.70, ongezeko la karibu asilimia 17. Ndiyo maana Baraka ya kule ni +1 tu na inatosha. Aina za nyongeza pia ni tatu pekee, na mbili za aina moja hazijumlishwi.

Mwisho, ukiwa umeshatoa kitu kikubwa mno. Usikiibe usiku kwa mwizi wa kubuni, wachezaji wanaelewa. Sema wazi mezani kwamba hesabu ilikosewa, mpe mwenye nacho achague kati ya kukipunguza au kukibadilisha. Na wakati mnasubiri kikao hicho, usipandishe kinga ya maadui ili kumdhibiti aliyezidi. Ukipandisha kinga kwa 3, yule wa upanga wa +3 anarudi palepale alipokuwa, lakini mwenzake aliyekuwa na asilimia 50 anashuka hadi 35, na ndiye aliyekuwa akilalamika tangu mwanzo. Gusa uhai wa adui badala yake. Zimwi la kawaida la vitabu vya 2014 lina uhai 59, ambao ni wastani wa dadu saba za pande 10 na 21 juu yake. Dadu hizo zikitoka zote juu linafika 91. Liweke 75 au 80, bado ni zimwi halali la kitabuni, na kila mtu mezani anaendelea kulipata kwa nafasi ileile aliyokuwa nayo.